Sauti Inayopanda Bodaboda

Kwa sehemu kubwa ya historia ya muziki wa dansi, mpiga gitaa wa Tanzania amekuwa mtumishi wa amplifaya ya mtu mwingine. Gitaa lenyewe liliweza kuwa lake, japo si kila mara. Lakini kile kinacholifanya gitaa la umeme lisikike kilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ya jeshi, ya kiwanda au ya tajiri. Leo vipo vifaa vya kilo 6, 8 au 10, amplifaya na spika katika sanduku moja, vinavyotoa sauti safi na kutosheleza kazi nyingi za mpiga gitaa, na mtu anavipakata nyuma ya bodaboda. Nashikilia kwamba badiliko hili linamgusa mwanamuziki wa Moshi kuliko linavyomgusa mwenzake wa New York, na kwamba tabia yetu ya kupima ubora wa amplifaya kwa ukubwa wa sanduku inatuchelewesha bila sababu.

Moshi yenyewe inao mfano wa jinsi mambo yalivyokuwa kabla umeme haujaingia kati ya mpiga gitaa na msikilizaji wake. Miaka ya 1950 Frank Humplick, mpiga gitaa wa mji huo, alisikika Afrika Mashariki nzima akiimba pamoja na dada zake Thecla na Maria. Muziki ule ulisimama juu ya sauti za watu na gitaa kavu, na mwenye gitaa kavu hana cha kumwomba mtu: analitoa mfukoni, analipatanisha, anapiga. Bendi kubwa za dansi ndizo zilizogeuza hesabu. Tarumbeta, saksafoni na drams zilipokaa jukwaa moja na gitaa kavu, gitaa likamezwa. Likaja la umeme, na pamoja nalo mzigo ambao kijana wa kawaida hakuweza kuununua wala kuubeba. Taasisi ndizo zilizoweza. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ikaja mwaka 1971 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na polisi na jeshi nao wakawa na bendi zao.

Mfumo huo haukuwa mbaya kwa kila namna, na anayeubeza hautendei haki. Uliwapa wanamuziki mshahara katika miaka ambayo kuagiza vyombo kutoka nje kulikuwa kazi ya serikali au ya mwenye fedha nyingi, na nyimbo tunazojivunia mpaka leo zilizaliwa humo. Lakini ulikuwa na masharti yake. Mwanamuziki akihama, alihama na vidole vyake tu. Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima alipowavuta wanamuziki kadhaa wa bendi ya Mlimani Park kwenda kuipigia bendi yake, Orchestra Safari Sound, walitoka kwenye vyombo vya shirika wakaingia kwenye vyombo vya tajiri. Mjini hadithi ile ilizungumzwa kama hadithi ya waimbaji na malipo, nami naiona pia kuwa hadithi ya nani ana vyombo. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitokana na jambo la kawaida kabisa: vyombo vilikuwa vizito na ghali.

Inafaa basi kuuliza uzito ule ulitoka wapi, maana gitaa la umeme halikuanza nao. Charlie Christian, kijana Mmarekani aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939 na kufariki mwaka 1942, ndiye aliyeionyesha dunia ya jazz kwamba gitaa linaweza kushika nafasi ya saksafoni na kupiga solo mbele ya bendi. Amplifaya yake ya Gibson ilikuwa na wati zisizofika 20. Ukubwa ulikuja baadaye, pale roki ilipohitaji kujaza viwanja. Fender Twin Reverb, ambayo wapiga gitaa wengi wa jazz waliichukua kwa usafi wa sauti yake, ina wati 85 na karibu kilo 29. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, haina hata moja ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na bado ina kilo 28 hivi. Hizi ni amplifaya nzuri mno. Lakini kilo 28 ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, na mwenye kuubeba mzigo huo analipwa kwa kupiga gitaa.

Tufungue mgongo wa amplifaya ya zamani tuangalie. Mbao zake zina uzito, lakini si ndizo hasa. Ndani, kimefungwa kwa boliti nne, kipo kitu kama tofali la chuma: transfoma ya umeme. Ni mabati membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, yamezungushiwa nyaya za shaba. Ukubwa wake unatokana na umeme wa TANESCO wenyewe, unaogeuka mara 50 kila sekunde, kwa kuwa kadiri umeme unavyogeuka polepole ndivyo transfoma inavyohitaji chuma kingi kuubeba. Amplifaya ya valvu ina tofali la pili, la kuunganisha valvu na spika. Kisha ipo spika yenyewe, yenye sumaku nene ya feriti nyuma yake kama sahani iliyojaa, na spika moja ya inchi 12 ya namna hiyo huwa na kilo 3 hadi 5. Hapo ndipo kilo zote zilipo. Kati ya vitu hivyo, transfoma ya umeme haitoi sauti yoyote ile. Kazi yake ni kuuleta umeme kwa kiwango kinachotakiwa, basi.

Mambo matatu yalizipunguza kilo hizo. La kwanza ni mfumo wa umeme unaokatakata mkondo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuupitisha kwenye transfoma, kama chaja ya simu inavyofanya. Kwa mwendo huo tofali la chuma linabaki kitu cha kutosha kiganjani. La pili ni amplifaya za daraja D, ambazo transista zake zinawaka na kuzimika kabisa badala ya kukaa nusu wazi muda wote. Transista iliyo nusu wazi inaubadili umeme kuwa joto, na joto linadai mapezi makubwa ya alumini. Daraja D hufikisha hadi asilimia 90 hivi ya umeme kwenye spika, kwa hiyo mapezi yanapungua, na sanduku nalo. La tatu ni sumaku ya neodimiamu, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Japani na Marekani. Ina nguvu nyingi kwa umbo dogo, na spika ya inchi 12 iliyoitumia inaweza kushuka hadi karibu kilo 2. Miongoni mwa amplifaya nyepesi za leo zipo AER Compact 60 ya Ujerumani yenye wati 60 katika kilo 6 na nusu hivi, na Henriksen Bud ya Marekani yenye wati 120 na uzito usiofika kilo 8.

Sasa tuyalete haya Kilimanjaro. Kazi ya mpiga gitaa wa Moshi haiko ukumbi mmoja. Jumamosi ni sendofu mjini, Jumapili ni kipaimara Kibosho, wiki ya mwisho ya Desemba ni harusi juu ya harusi, wakati Wachaga wanapopanda kwao kutoka kila pembe ya nchi na vihamba vinajaa magari. Marangu ni karibu kilomita 40 kutoka mjini, na baada ya Himo barabara inapanda mfululizo. Lami inafika mahali inaishia, na nyumba yenye shughuli iko ndani, migombani, kwenye njia ambayo mvua ya Aprili huigeuza utelezi. Mwenye amplifaya ya kilo 29 anakodi gari kwenda na kurudi, au anagombana na kondakta wa Noah kuhusu siti mbili. Ukitoa nauli hiyo kwenye malipo ya mpiga gitaa mmoja wa shughuli moja, mara nyingi kinachobaki hakistahili jina la ujira. Mwenye begi la kilo 7 na gitaa mgongoni analipa bodaboda moja. Tofauti hiyo inajirudia kila wikendi, na ndiyo inayoamua kama mtu anaweza kukubali kazi ya watu wawili, gitaa na sauti, jioni kwenye hoteli ndogo, au aikatae kwa kuwa haimlipi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo kila mtu analo mdomoni, ni kwamba kisanduku kile hakitasikika. Harusi ya Uchagani ina wageni mamia, mahema, watoto, na MC asiyenyamaza. Ni kweli hakitasikika hema zima. Lakini tufanye hesabu, tuone kama kile kikubwa kitasikika. Mahali pa wazi, sauti inapungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Amplifaya inayotoa desibeli 100 mita moja mbele yake itafika na 94 mita 2, 88 mita 4, 82 mita 8, na 76 tu mita 16, ambapo mazungumzo ya meza iliyochangamka yanaifukuzia. Ukizidisha wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, unaongeza desibeli 3 peke yake: zile 76 zinakuwa 79. Sikio linaita sauti kuwa imekua maradufu pale wati zinapoongezeka karibu mara 10. Kwa hiyo Twin ya kilo 29 ikisimama peke yake kwenye uwanja wa nyumba ya Mwika inashindwa vilevile, na kibaya zaidi, katika kushindwa kwake inawaumiza masikio waliokaa meza za mbele.

Kinachofikisha sauti kwa meza ya mwisho ni muziki mnene uliokodiwa, zile spika ndefu za DJ au za MC ambazo shughuli yoyote ya maana inazo tayari. Amplifaya ya mpiga gitaa ina kazi nyingine mbili: kumfanya yeye na wenzake wajisikie, na kuipa sauti ya gitaa tabia yake kabla haijaingia kwenye miksa. Ndiyo maana tundu dogo la nyuma la kutolea waya kwenda kwenye miksa lina thamani kuliko wati 50 za ziada. Na namna ya kukiweka kisanduku ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kikiwekwa sakafuni, juu ya turubai au jukwaa la mbao lililo tupu chini, besi inavimba na kuwa mgurumo, huku sauti za juu, ambazo husafiri kwa mstari kama mwanga wa tochi, zinampiga mpiga gitaa kwenye magoti. Naye, kwa kuwa hajisikii, anaongeza. Kikinyanyuliwa kwenye kiti cha plastiki na kulazwa kidogo nyuma kielekee sikioni, mgurumo unapungua, noti zinatengana, na mtu anagundua kwamba wati alizoziona chache zinamtosha.

Pingamizi la pili ni la ladha. Husemwa kwamba valvu zina joto la sauti ambalo transista haiwezi kulitoa. Nalikubali kwa roki na bluzi, ambamo mpiga gitaa anaisukuma valvu hadi sauti ipasuke, na mpasuko huo ndio anaoutaka. Jazz inataka kinyume chake: noti nene, duara, isiyopasuka hata akordi ikiwa na noti sita. Dansi letu nalo, kuanzia solo hadi ridhimu, limejengwa juu ya gitaa linalosikika kila uzi peke yake, kwa sababu magitaa matatu yanasokotana, na yakichafuka kidogo tu msokoto unapotea. Joe Pass na Jim Hall walipiga kwa miaka mingi na Polytone, amplifaya ya transista, na Pat Metheny alijenga sauti yake ya miaka ya 1970 juu ya transista pia. Asemaye kwamba jazz haipigiki bila valvu inabidi awaondoe hao kwenye historia kwanza.

Hata hivyo, upande mmoja wa ladha nauachia wapinzani. Sanduku dogo lenye spika ya inchi 6 na nusu au 8 haliwezi kusukuma hewa kama la inchi 12. Uzi mnene wa gitaa unatetema mara 82 kwa sekunde, na ili usikike kwa mwili wake kunahitajika ama spika kubwa, ama sanduku kubwa, ama wati nyingi za kulazimisha. Watengenezaji wa visanduku vidogo wanachagua hilo la mwisho, ndiyo sababu ya wati 120 kwenye kilo 8. Matokeo yake ni mazuri, lakini mtu anayepiga peke yake, anayebeba besi, akordi na wimbo kwa wakati mmoja, ataona upungufu. Kwa huyo ningependekeza spika ya inchi 10 au 12 yenye sumaku ya neodimiamu katika sanduku la mbao nyepesi, hata kama kilo zinakaribia 10. Zaidi ya hapo faida ya bodaboda inaanza kupotea.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la fundi. Amplifaya ya zamani ikiungua, yupo fundi Moshi mjini atakayeifungua, atasuka upya transfoma, atabadili kapasita na transista, na itarudi kazini. Ubao wa daraja D umejaa vitu vidogo kama punje za ulezi, vilivyobandikwa kwa mashine, na mara nyingi hauna mchoro. Ukifa, watengenezaji wenyewe hubadili ubao mzima. Hili ni kweli na linauma, kwa kuwa chombo kisichotengenezeka kinamrudisha mwanamuziki kwenye utegemezi uleule, safari hii kwa duka la ng'ambo. Lakini upande wa pili hauko salama kiasi hicho. Valvu zinatengenezwa leo katika viwanda vichache tu, hasa vya Urusi, Slovakia na China, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 wapiga gitaa wa dunia nzima walijua jinsi mnyororo huo wa ugavi ulivyo mwembamba. Isitoshe, amplifaya nyingi nzito huuawa na safari: transfoma inayolegea kwenye boliti, valvu inayopasuka kwenye mashimo. Jibu la busara ni kuchagua kifaa ambacho ubao wa umeme, ubao wa sauti na spika vinatengana kwa plagi, ili kinachokufa kibadilishwe peke yake. Spika na sanduku, vinavyodumu kuliko vyote, fundi wa hapa anavimudu vizuri.

Kuhusu umeme wenyewe, kisanduku chepesi kina faida ambayo watu wa mlimani wataielewa upesi. Mwisho wa laini ya kijiji, saa 2 usiku, taa zote zikiwa zimewashwa, volti 230 zinaweza kushuka mbali. Transfoma ya kawaida inashuka nazo, na sauti inalegea. Vifaa vingi vya mfumo mpya vimeandikwa nyuma volti 100 hadi 240 na havitikisiki. Vingi, nasema, si vyote: vipo vilivyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani pekee, na kimoja cha hivyo kikichomekwa Moshi hufa papo hapo, kwa hiyo maandishi hayo yasomwe kabla ya kulipa. Umeme ukikatika kabisa, hesabu ya betri inavutia. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kisanduku kinachoweza kuchomekwa kwenye volti 12 moja kwa moja, kinachokula wastani wa wati 15, kingepiga karibu saa 3 bila kuitoa betri zaidi ya nusu. Roland Cube Street EX inatoa wati 50 kwa betri 8 za ukubwa wa tochi ndogo. Amplifaya ya valvu, inayochoma umeme mwingi hata mpiga gitaa akiwa anakunywa maji, haifiki huko.

Wapo watakaouliza kwa nini basi mtu asiache amplifaya kabisa, akachomeka gitaa kwenye pedali ya kidijitali na kwenda moja kwa moja kwenye miksa. Inawezekana, na kwa mwenye fedha kidogo ni mwanzo mwema. Shida ni kwamba hapo sauti yake yote inakuwa mikononi mwa mtu wa miksa, ambaye kwenye shughuli nyingi ni DJ anayejali kipaza sauti cha MC kwanza. Akisahau kufungua njia ya gitaa, au akiifunga katikati ya wimbo, mpiga gitaa hana hata cha kujisikia. Aliye na kisanduku chake anaendelea, na wachezaji walio mbele yake wanaendelea. Anaweza pia kufanya mazoezi nyumbani kwa sauti ileile atakayoipeleka kazini, jambo ambalo mpiga gitaa wa bendi ya taasisi alilipata ukumbini tu, kwa saa alizopangiwa.

Bei bado iko juu. AER na Henriksen ni za watu wachache, na usafirishaji kwa ndege unahesabiwa kwa kilo, ingawa hapo wepesi unajilipia. Kwa anayeanza, kisanduku cha betri kilichotumika, au spika moja ya inchi 10 iliyofungwa na fundi seremala katika sanduku la mbao nyembamba na kuunganishwa na ubao wa daraja D wa wati 50 kama unaouzwa kwenye maduka ya elektroniki, ni njia ya kweli. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Moshi. Useremala na ufundi wa umeme ni kazi ambazo vijana wa mji huo wanazo mikononi, na kutengeneza visanduku kumi vya namna hiyo kwa wapiga gitaa wa Moshi na Arusha hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji mchoro mmoja mzuri, mwagizaji mmoja wa spika za neodimiamu, na wapiga gitaa watakaolipa kidogo kidogo, kama bodaboda nyingi zinavyolipiwa.